Mizani Isiyouliza Kama Mzigo Unang'aa

Desemba 1994, wanaastronomia waliokuwa wakifuatilia kwasari (kiini king'aavu cha galaksi ya mbali) iitwayo Q0957+561 waliona nuru yake ikishuka ghafla. Kwasari hiyo huonekana angani mara mbili: nukta mbili bega kwa bega katika kundinyota la Dubu Mkubwa, zote zikiwa picha za kitu kimoja. Iliyoshuka ilikuwa picha A peke yake. Picha B ilibaki kama ilivyokuwa. Timu ikachapisha utabiri kabla ya tukio: B nayo itashuka, ama Februari 1996, ama Juni mwaka huohuo, kutegemea ni upande upi ulikuwa na haki katika ubishi kuhusu muda ambao B huchelewa nyuma ya A, ubishi uliokuwa umewagawa watafiti kwa miaka kadhaa. Februari 1996 ikafika, na picha B ikashuka. Hesabu ikasimama kwenye siku 417.

Tukio hilo nimelisoma mara nyingi na bado linanigusa kila nikilirudia. Kitu kimoja kilififia mara moja tu, nuru yake ikashika njia mbili kuzunguka galaksi iliyosimama katikati, na baada ya safari ya takriban miaka bilioni 9 njia moja ikachelewa kwa mwaka mmoja na ushei. Kuchelewa huko kuna sababu mbili. Njia moja ni ndefu kuliko nyingine, na moja hupita karibu zaidi na kiini cha galaksi, ambako mvutano hupunguza mwendo wa saa. Kwa hiyo ndani ya zile siku 417 kumeandikwa uzito wa galaksi ile, pamoja na ule uzito wake usiotoa nuru hata chembe.

Habari za maada giza, yaani uzito huo usiotoa nuru, zinapofika kwetu kwa Kiswahili, mara nyingi huja na sauti ya hadithi za mazimwi: kitu cha ajabu, kisichoonekana, kinachotawala ulimwengu. Msomaji huachwa achague kati ya kuamini na kukataa. Naona tunamkosea. Maada giza hupimwa, tena kwa mizani ambayo mtu yeyote aliyemaliza hesabu za sekondari anaweza kuielewa. Mizani hiyo ina kasoro zake, na wenye kuitumia wamezitaja hadharani. Hilo ndilo hasa linalonifanya niiamini.

Mizani yenyewe ni lenzi ya angani, yaani galaksi inayopinda nuru ya kitu kilicho nyuma yake. Mpwa wangu wa darasa la saba aliniuliza lenzi hiyo inafananaje. Nikachora nukta nyeusi kwenye karatasi, nikachukua glasi ya sharubati yenye mguu, nikaweka kitako chake juu ya nukta. Akatazama kwa jicho moja. Kitako kilipokaa sawasawa juu ya nukta, nukta ilitoweka na mahali pake pakatokea pete nyembamba nyeusi. Aliposogeza glasi kidogo, pete ilikatika, zikabaki alama mbili, kubwa upande mmoja na ndogo upande wa pili. Alipoiinamisha, zikawa nne. Akakaa kimya, kisha akauliza: "Sasa mjomba, kama glasi yenyewe huioni, utajuaje ipo?" Nikamwambia atazame ukubwa wa pete. Glasi yenye kitako kinene hutoa pete pana, yenye kitako chembamba hutoa pete ndogo. Hata glasi ingekuwa safi kiasi cha kutoonekana kabisa, pete ingeisema.

Angani kazi ya glasi hufanywa na mvutano. Mwaka 1919, wakati wa kupatwa kwa Jua, Arthur Eddington alikwenda katika kisiwa cha Príncipe kwenye Ghuba ya Guinea, na timu nyingine ikaenda Sobral nchini Brazili, kupima kama nyota zilizo karibu na ukingo wa Jua zimesogea kwa kiasi alichokitabiri Albert Einstein. Zilikuwa zimesogea. Mwaka 1936 Einstein mwenyewe aliandika kwamba nyota moja ikifanya kazi ya lenzi mbele ya nyingine, tukio hilo ni dogo mno na hakuna tumaini kubwa la kuliona. Mwaka uliofuata Fritz Zwicky akaenda hatua mbele: kama nyota ni ndogo mno, basi tumieni galaksi nzima. Ilichukua miaka 42 kabla ya Dennis Walsh, Robert Carswell na Ray Weymann, wakitumia darubini ya Kitt Peak huko Arizona, kupasua nuru ya nukta mbili za samawati na kukuta zina mistari ileile ya spektra, kana kwamba mtu amepiga mhuri mara mbili. Ilikuwa mwaka 1979, na hizo ndizo A na B zetu.

Kwa nini kwasari, wakati mbingu imejaa galaksi za kawaida? Kwasari ni kiini cha galaksi ya mbali ambamo shimo jeusi lenye uzito wa mamilioni au mabilioni ya Jua linameza gesi. Gesi hiyo ikizunguka kabla ya kumezwa hupata joto kali na kung'aa kuliko nyota zote za galaksi yake zikijumlishwa. Maarten Schmidt alipoitambua 3C 273 mwaka 1963, ilionekana kama nyota ya kawaida, kumbe nuru yake ilikuwa imesafiri miaka takriban bilioni mbili. Taa hiyo ni kali, ni ndogo, na inapepesa. Ingekuwa haipepesi, zile siku 417 tusingezipata kamwe.

Sasa tupime. Chukua upana wa pete, au nafasi iliyopo kati ya picha. Chukua umbali wa galaksi ya katikati na umbali wa kwasari. Viweke katika kanuni ya Einstein, na jibu linalotoka ni jumla ya tungamo lote lililomo ndani ya pete, kwa usahihi wa asilimia chache. Mizani haikuuliza nyota zina umri gani, gesi ina joto gani, wala kama vitu vinazunguka au vimetulia. Zwicky mwaka 1933 alilazimika kupima mwendo wa galaksi katika kundi la Coma. Vera Rubin na Kent Ford, mwaka 1970, walipima mzunguko wa Andromeda. Wote waligundua kwamba kuna uzito zaidi ya unaoonekana, lakini mwendo una masharti yake: lazima ujue vitu hivyo vimekwisha kutulia katika njia zao. Kwa nuru inayopita tu, sharti hilo halipo.

Kuna swali ambalo mtu makini huuliza hapa, na ni la haki. Je, uzito uliofichika si gesi ya kawaida ambayo macho hayaioni? Jibu lake lina pwani yetu ndani yake. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri nchini Kenya, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya miale ya eksirei ya angani. Miongoni mwa iliyoyaona ni makundi ya galaksi yakiwaka kwa eksirei, kwa sababu yamejaa gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi. Gesi ile ni nyingi kuliko nyota zote za makundi hayo. Hata hivyo ukijumlisha gesi na nyota unapata kama sehemu moja ya sita ya uzito wote. Zilizobaki hazionekani kwa eksirei, kwa redio wala kwa jicho.

Lakini nisivuke mpaka. Mizani ya lenzi inakupa jumla tu. Mwaka 1985 John Huchra na wenzake walikuta kwasari nyuma ya galaksi iliyo katika kundinyota la Farasi, na baadaye ikaonekana kuwa imegawanyika mara nne kuzunguka kiini cha galaksi hiyo kama vidole vinne vilivyoshika tunda. Huitwa Msalaba wa Einstein. Galaksi hiyo iko karibu nasi kwa vipimo vya mambo haya, kama miaka ya nuru milioni 400, kwa hiyo picha nne zimeangukia ndani kabisa, katikati ya msongamano wa nyota. Uzito uliopimwa ndani ya picha hizo ni kama Jua bilioni 15, na karibu wote ni nyota. Mtu akikuambia maada giza imejaa kila pembe ya galaksi kwa kiwango kimoja, mwonyeshe msalaba huu. Kiini ni cha nyota, na giza hutawala ukitoka nje.

Huko nje hadithi hubadilika. Watafiti wa mradi wa SLACS walipima galaksi nyingi za umbo la yai zilizofanya kazi ya lenzi, wakakuta jambo lisilotarajiwa: msongamano wa uzito wote hupungua karibu sawasawa na kipeo cha pili cha umbali, galaksi baada ya galaksi. Nyota peke yake hazipungui hivyo. Maada giza peke yake, kwa mujibu wa hesabu za kompyuta, haipungui hivyo. Ni jumla yao inayonyooka, kana kwamba wawili hao walikaa chini wakapatana. Hadi leo sijaona maelezo ya mapatano hayo yanayoniridhisha kikamilifu.

Namna ya kutenganisha nyota na giza ni kutumia kwasari kama kitunguu chenye maganda. Gamba la ndani kabisa hutoa eksirei na ni dogo sana. Linafuata sahani ya gesi inayotoa nuru ya samawati, kisha pete ya vumbi lenye joto, kisha mawingu ya gesi yaliyo mbali zaidi. Pitisha mkono mbele ya mshumaa, na kivuli hutanda ukuta mzima. Pitisha mkono huohuo mbele ya taa ndefu ya tyubu, na chumba hakibadiliki. Vivyo hivyo nyota moja ya galaksi ya katikati, ikipita mbele ya picha ya kwasari, hubadilisha sana eksirei na haigusi mawingu ya mbali. Ukilinganisha maganda haya, unaweza kukadiria ni kiasi gani cha uzito kilichopo mahali pale kimevunjika katika nyota mojamoja na kiasi gani ni laini. David Pooley na wenzake walifanya hivyo kwa kwasari za picha nne. Katika umbali wa takriban miaka ya nuru elfu 20 kutoka kiini cha galaksi za umbo la yai, nyota zilikuwa kama asilimia 7 ya uzito. Uliosalia haukuwa nyota.

Kasoro ya mizani hii nayo ina historia. Mnorwe Sjur Refsdal alionyesha mwaka 1964 kwamba ucheleweshaji wa nuru, ukiunganishwa na uzito wa lenzi, hukupa kasi ya kupanuka kwa ulimwengu. Timu ya H0LiCOW, ikiongozwa na Sherry Suyu, ikatumia kwasari sita na kupata kilomita 73.3 kwa sekunde kwa kila megaparseki, yaani kwa kila miaka ya nuru milioni 3.26, kosa likiwa asilimia 2.4 tu. Walifanya hesabu wakiwa wamejifichia jibu hadi kila mtu akubali njia. Setilaiti ya Planck, kwa kutazama nuru ya kale ya ulimwengu, ilikuwa imetoa 67.4. Pengo hilo likawa habari kubwa.

Tatizo ni kwamba tangu 1985 Emilio Falco, Marc Gorenstein na Irwin Shapiro walikuwa wameonya. Chukua lenzi, itandikie shuka jembamba la uzito ulio sawa kila mahali, halafu punguza kidogo uzito wa awali. Picha hazisogei hata unywele. Uwiano wa mng'ao haubadiliki. Kinachobadilika ni muda wa kuchelewa. Ni kama muuza maharage aliyesahau kopo chini ya sahani ya mizani: mshale unasoma vizuri, mteja anaona vizuri, na bado hakuna anayejua maharage ni kiasi gani. Hesabu ya H0LiCOW ilikuwa imechukulia kwamba galaksi zina maumbo ya uzito yanayojulikana, na dhana hiyo ndiyo iliyokuwa imeliziba pengo la shuka.

Mwaka 2020 kundi la TDCOSMO, ambamo wengi wa watu walewale walikuwamo, liliiondoa dhana hiyo na kuacha mwendo wa nyota ndani ya galaksi uamue. Jibu likawa 74.5, lakini kosa likapanuka hadi asilimia 8. Walipoongeza taarifa za galaksi za SLACS, likashuka hadi 67.4 na kosa la takriban asilimia 5 au 6. Wapo walioliona hilo kama kurudi nyuma. Kwangu mimi ni miongoni mwa kurasa bora za sayansi ya muongo huo. Watu waliokuwa wameshika namba iliyowapa umaarufu walichukua mizani yao, wakaipindua, wakatazama chini yake, wakaandika walichokikuta. Anayetaka kujua kama dai la maada giza ni la kweli aanze kwa kuuliza kama wanaolitoa hufanya hivyo.

Na hapa natofautiana na vyombo vya habari vinavyoripoti kwasari hizi kwa ajili ya kasi ya ulimwengu peke yake. Kazi yao kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni ndogo kwa umbo: kuhesabu madonge.

Nadharia ya maada giza baridi inasema kwamba kila galaksi imezungukwa na wingu kubwa la maada giza, na ndani ya wingu hilo mna madonge madogo kwa maelfu, mengi yakiwa hayana nyota hata moja. Mwishoni mwa miaka ya 1990 hesabu za kompyuta zilitabiri mamia ya madonge makubwa kiasi kuzunguka Njia Nyeupe, galaksi yetu, wakati galaksi ndogo zilizojulikana kutuzunguka zilikuwa kama 11. Zimeongezeka tangu hapo, hata hivyo donge lisilo na nyota huwezi kulihesabu kwa kutafuta nyota. Kama chembe za maada giza ni nyepesi na zilikuwa na kasi kubwa ulimwengu ulipokuwa mchanga, madonge madogo yangefutika kabla ya kushikamana. Kwa hiyo swali la chembe ndogo kabisa linageuka kuwa swali la kuhesabu: madonge yapo au hayapo?

Shude Mao na Peter Schneider walionyesha mwaka 1998 mahali pa kutazama. Kwasari ikigawanyika mara nne na picha tatu zikakaa karibu karibu, hesabu ya lenzi laini inadai mng'ao wa ile ya kati ulingane na jumla ya mbili za pembeni. Mara nyingi haulingani. Kitu kidogo, kisichoonekana, kimesimama kwenye njia ya picha moja na kuikuza au kuififisha. Mwaka 2002 Neal Dalal na Christopher Kochanek walichukua kwasari saba zinazotoa redio, ambazo maeneo yake ya redio ni mapana kiasi cha kutosumbuliwa na nyota mojamoja, wakahitimisha kwamba asilimia chache za uzito wa galaksi zile ziko katika madonge.

Daniel Gilman, Anna Nierenberg na wenzao wakaendelea mwaka 2020 kwa kutumia darubini ya Hubble na mawingu ya gesi ya kwasari nane. Walikuta kwamba kupotoka kwa mng'ao kunahitaji madonge mengi madogo. Wakaweka mpaka: kama maada giza ni chembe za vuguvugu zilizozaliwa katika joto la mwanzo, haziwezi kuwa nyepesi kuliko takriban sehemu moja ya mia ya elektroni. Tafakari kidogo. Nukta nne angani, tofauti chache za mng'ao, na mtu amepata kauli kuhusu uzito wa chembe ambayo hakuna maabara iliyowahi kuishika.

Wapo wanasayansi wanaoshikilia kwamba maada giza haipo, na kwamba kanuni ya mvutano ndiyo inayohitaji marekebisho. Hoja yao inastahili kusikilizwa, maana mizunguko ya galaksi nyingi huielezea vizuri. Ila kanuni ya mvutano ikibadilishwa, mvutano wa ziada unatarajiwa kufuata pale nyota na gesi zilipo. Donge linalopinda nuru mahali pasipo na nyota wala gesi ni shahidi mgumu kwao. Mwaka 2025 timu ya Devon Powell na Simona Vegetti, kwa kuunganisha darubini za redio za mabara mbalimbali, ilitangaza kitu chenye uzito wa kama Jua milioni moja katika lenzi ya JVAS B1938+666, kilichotambuliwa kwa jinsi kinavyotia kovu kwenye tao jembamba la redio. Hakuna nuru iliyoonekana ikitoka kwake.

Darubini ya Webb imekuwa ikitazama pete za vumbi za kwasari za picha nne, katika mradi wa Nierenberg wenye kwasari 31. Huko Cerro Pachón nchini Chile, darubini ya Vera Rubin, iliyotoa picha zake za kwanza Juni 2025, inatarajiwa kufichua kwasari zilizogawanyika kwa maelfu, na itarudia anga ileile kwa miaka 10, kwa hiyo ucheleweshaji mwingi utanaswa bila kuomba usiku maalumu. Upande wa redio, sehemu ya darubini kubwa ya SKA inajengwa Karoo, Afrika Kusini, na Kenya ni mojawapo ya nchi washirika wake barani. Redio ndiyo inayopita bila kusumbuliwa na nyota mojamoja, na ningependa vijana wetu wa fizikia wajue kwamba mlango huo uko bara hili.

Ninachokisubiri ni hesabu ya madonge yaliyo chini ya Jua milioni 10. Maada giza baridi inadai kwamba kila ukishuka ngazi ya uzito, idadi iongezeke, bila kukoma mahali popote ambapo lenzi zetu zinafika. Ikikoma, kwa mfano kwenye Jua milioni 5, basi chembe hiyo si ile iliyotafutwa kwa miaka 40, na uzito ambao idadi imekomea ndio utakaotuambia chembe yenyewe ni nzito kiasi gani.